Siku Saba Bila Chumvi

Hulda hakuweza kumvumilia mtu aliyekula ng'onda. Siku za kawaida alijikaza, lakini katika zile siku saba za kufunga chumvi harufu ya papa mkavu ilimpanda puani tangu mtu yuko mbali. Alipomwona Mzee Dabaso anakuja, alihamia tuta la pili. Mzee huyo aliwapenda ng'onda wa Kipini kuliko alivyowapenda wajukuu wake, na kila alipofungua kinywa kucheka alikupa habari za chakula chake cha jana.

Kufunga chumvi hakukuwa mambo ya dini, ingawa Hulda alikuwa Mkristo wa benchi la mbele. Kulikuwa kazi. Kijiji chao, Mwangoni, kilikuwa chini ya Garsen, mahali ambapo bahari haionekani lakini mto unaisikia. Mara mbili kwa mwezi, bamvua, yale maji makuu ya bahari, ilipojaa kule Kipini, bahari iliusukuma mto urudi ulikotoka. Maji matamu ya mto, kwa kukosa pa kwenda, yalipanda kingoni, na watu wa Mwangoni waliyafungulia mlango wa mbao yaingie mfereji mkuu, kisha majaruba ya mpunga. Hakuna aliyebeba ndoo. Bahari yenyewe iliwafanyia kazi, nao walikuwa wakiisifu kwa uvivu huo mzuri tangu enzi za mababu.

Hatari ilikuwa moja tu: siku ambayo bahari haisukumi, inakuja yenyewe. Maji ya chumvi yakiingia jarubani, mpunga huo umekwisha. Ndiyo sababu palikuwa na mwonja maji. Siku saba kabla ya bamvua mwonja hali chumvi. Chungu chake ni mbali, mwiko wake ni mbali, hata samaki wa mto hali kwa kuogopa mkono uliomshika. Asubuhi ya bamvua anapiga magoti mlangoni, anachota kwa kiganja, anayaweka maji kinywani muda wa kusali Baba Yetu, anatema, kisha anasema neno moja mbele ya watu. Tamu, na mlango unafunguliwa. Chumvi, na kila mtu anarudi nyumbani kungoja bamvua nyingine.

Mama yake Hulda alisema "chumvi" mara nne maishani mwake, na mara zote nne watu walimnunia kama kwamba yeye ndiye aliyeitia. Hulda alikuwa na miaka kumi na minane katika kazi hiyo na hakuwahi kulisema hata mara moja. Watu walisema ulimi wake una baraka. Hulda aliwaacha waseme, tena alipendezwa.

Mwaka huo, wa hamsini na sita, mvua za huko juu mto unakotoka zilichelewa. Siku ya sita ya kufunga kwake alikuja Deka, mwanamke wa Kisomali ambaye watu wake walikuwa wamepiga kambi ng'ambo ya Garsen. Deka alileta maziwa na samli, akachukua mchele na ndizi, na kwa miaka mitatu wawili hao walikuwa hawajagombana hata kwa kibaba kimoja. Hulda akamchemshia chai, kama ada. Chande, jirani aliyekuwa amekuja kuazima ungo na akasahau kuondoka, alikuwa amekaa palepale. Tamar, mkaza mwana wa Hulda, alikuwa akipepeta.

Deka akanywa mafunda mawili, akakiweka kikombe chini polepole.

"Mama Hulda, leo umetia chumvi kwa chai?" akauliza. "Si vibaya. Kule kwetu wengine wanatia. Mimi nakunywa tu."

Ungo wa Tamar ukasimama. Chande aliinua macho, na Hulda aliyaona yanavyong'aa kwa furaha, furaha chafu ya mtu aliyeokota kitu ambacho atakipeleka nyumba kumi kabla ya jua kutua.

"Nyumba hii haina chumvi hata punje," Hulda alisema. "Nimefunga."

"Basi ulimi wangu ni mbaya," Deka akajibu kwa adabu. Akaimaliza chai yote, akashukuru, akajitwika vibuyu vyake akaenda.

Adabu ile ndiyo iliyomchoma Hulda. Afadhali angebisha. Alikichukua kile kikombe akakisugua kwa jivu, akakisuuza, akakisugua tena, na mara ya tatu akakitupa nyuma ya nyumba kwenye migomba. Mtu anayeosha vibuyu kwa moshi, aliwaza, aje aniambie mimi chai yangu ina nini. Alisikia kinyaa kwa maziwa yale yaliyobaki, akampa Tamar akayamwage. Tamar akayanywa jikoni kimya, na ndivyo ambavyo mwenye akili hufanya.

Kesho yake saa moja asubuhi kijiji kizima kilikuwa tutani. Hulda akapiga magoti, akachota, akayaweka kinywani. Alisali polepole makusudi, kwa ajili ya Chande. Maji yalikuwa yaleyale, laini, yenye ule utamu mzito alioujua tangu ujana. Akatema.

"Tamu," akasema, na Dabaso, mkubwa wa gasa, yaani baraza la wazee, akaung'oa mlango kwa mikono yake mwenyewe. Maji yakaingia na povu, na wanawake wakapiga vigelegele.

Siku ya tano ncha za mpunga ziligeuka rangi ya tumbaku. Siku ya nane miche ililala. Siku ya kumi kulianza kunuka.

Mpunga uliokufa kwa ukame haunuki, unakauka ukawa nyasi, basi, na mtu anaweza kuulilia kwa heshima. Mpunga uliokufa kwa chumvi ni uchafu. Mizizi inakuwa ute mweusi, tope linapanda povu la kijivu, na juu ya povu wanatembea kaa wadogo wekundu ambao wanastahili kuwa pwani, si shambani kwa watu wanaosali. Hulda aliingia jarubani mwake hadi magotini, akavuta shina moja, likamkatikia mkononi na kumwachia kamasi. Akajifuta kwenye kanga, kisha akaiona kanga yenyewe inamtia kichefuchefu. Aliinua uso aangalie mbali, kwenye kinamasi cha mafunjo, na hapo akaona jambo ambalo macho yake yalikuwa yakilipita kila siku: upande wa chini mafunjo yalikuwa magofu makavu, na katikati yake ilichomoza michipuko ya mikoko. Mikoko, mti wa maji ya chumvi. Haikuwa imeota jana. Mingine ilimfika kiunoni.

Aliiona, akageuka. Mtu akiwa na aibu yake mpya hana nafasi ya mambo ya zamani.

Gasa ilikaa siku hiyohiyo. Chande alieleza habari za chai, na aliieleza vizuri, maana alikuwa ameshaifanyia mazoezi kijiji kizima. Dabaso alimsikiliza hadi mwisho, akijichokoa meno.

"Hulda," akasema, "sisi si wabaya wako. Mgeni ameonja chumvi kwenye chungu chako katika siku zako za kufunga. Ulimi uliolala na chumvi hauijui chumvi. Sema tu kwamba ulikula. Utatoa mbuzi mmoja, tutakula, yatakwisha."

"Sikula."

"Mwanadamu hushikwa na hamu."

"Sikula, mzee."

"Basi ni nini?" Dabaso akauliza, na sauti yake safari hii haikuwa ya baraza. "Kama hukula, ni nini kilichotuulia mpunga?"

Hulda akawatazama wote wale, na akaelewa wanachokitaka. Hawakumchukia. Waliuhitaji ule mbuzi. Kama Hulda alikula chumvi, mto haukuwa na neno, mababu hawakuwa na neno, na kazi ilikuwa kumpata mwonja mwingine tu. Ilimchukiza namna nyuso zao zilivyomwomba. Na kilichomchukiza zaidi ni kwamba yeye mwenyewe, kwa kitambo kidogo, alitamani kuwapa.

Hakuwapa. Wakamvua kazi. Kilikuwa kimebaki kitalu kimoja cha miche, kwenye mwinuko nyuma ya kanisa, mbegu ya mwisho kijijini. Ikiingia jarubani na kufa, hapakuwa na nyingine. Watu wangekula mizizi ya mayungiyungi hadi mwaka ugeuke, na wazee na wachanga wasingeufikia mwaka huo. Waliamua miche hiyo ipandwe na iletewe maji bamvua ya mwezi unaofuata. Kuonja maji wakamchagua Tamar, kwa kuwa kazi ilikuwa ya nyumba ile na binti huyo hakuwa na neno na mtu.

Hulda hakuweza kukaa. Kila alipopita, watu walinyamaza. Waliporudi kusema walisema kwa upole, na upole ule ulikuwa na harufu. Akaomba nafasi katika mtumbwi uliokuwa ukipanda Garsen, akaenda Idsowe kwa Philemon, baba yake Tamar, mkwe wake.

Philemon alimpokea bila maswali. Mkewe alimletea maji katika kata, maji ya pale kivukoni kwao, na Hulda, aliyekuwa na kiu ya safari, akanywa funda moja akabaki analo kinywani.

Yalikuwa mabaya. Hayakuwa na kitu. Yalikuwa kama maji yaliyolala katika chungu cha mgonjwa, mepesi, maiti, yakateleza kooni bila kusema lolote na kumwachia kichefuchefu. Alimeza kwa heshima ya wakwe. Moyoni alisema, jamani, watu hawa hawaoshi mitungi. Siku hiyo na iliyofuata alikunywa kidogo kidogo, akijibana pumzi. Aliukagua mtungi mkewe Philemon alipokwenda shambani: ulikuwa safi kuliko wake. Akaenda kivukoni akachota mwenyewe kwa kiganja. Yalikuwa yaleyale.

Ubaya ule ulipungua siku ya nne. Ilipofika wiki mbili alikuwa hayafikirii tena, anakunywa kama watu. Chakula cha mkwe wake, ambacho mwanzoni alikiona hakina ladha, sasa alikiona kimekolea mno, na mara moja akauliza kama chumvi imemwagika, wakacheka.

Siku tatu kabla ya bamvua aliazima kamtumbwi ka Philemon, akashuka na mto peke yake. Jua lilikuwa kali. Alipokaribia Mwangoni, mahali ambapo amechota maji tangu akiwa msichana, aliinama pembeni bila kuwaza, akachota kwa viganja viwili akanywa.

Mwili ulikataa kabla ya akili. Maji yalirudi kwa mdomo na kwa pua, na chakula cha asubuhi kikafuata, na alitapika akiwa ameushika ukingo wa mtumbwi hadi akabaki anatoa nyongo. Ilikuwa chumvi. Haikuwa chumvi ya kubishaniwa na wazee. Ilikuwa ya wazi, ya kuungia mchuzi. Alichovya kidole akalamba. Akatapika tena.

Akakaa, mtumbwi ukijiendea. Alikumbuka mama yake akisema "chumvi" mara nne, na yeye hata mara moja katika miaka kumi na minane, na akaelewa ile baraka yake ilikuwa nini. Bahari ilikuwa imepanda kidogo kidogo, tone mwaka huu, tone mwaka ujao, nayo ilipitia mtungini. Waliinywa. Walimpikia nayo chakula kisicho na chumvi, wakaosha kwa maji hayo mwiko wake wa mbali na chungu chake cha mbali. Alikuwa amefunga siku saba akinywa chumvi siku zote saba. Deka aliimeza chai ile yote kwa adabu, na yeye akatupa kikombe. Alijichukia kwa kiburi chake, na alisikia kinyaa kwa ulimi wake mwenyewe, ule mnyama mnene aliyelala kinywani akiwadanganya watu na huku anasifiwa. Kweli nyani haoni kundule.

Aligeuza mtumbwi. Ilimchukua siku nzima na nusu kupanda hadi maji yalipokuwa tena matamu kweli, akajaza kibuyu, akashuka. Alifika Mwangoni asubuhi ya bamvua yenyewe, mikono imechubuka kwa kafi, watu wakiwa tayari tutani. Miche ya mwisho ilikuwa imeshapandwa, mistari mifupi ya kijani katika tope lililoganda mba nyeupe.

"Msifungue," akasema. "Ni chumvi. Imekuwa chumvi muda mrefu."

Dabaso akapumua. "Mwonja ni Tamar," akasema. "Amefunga siku saba, nimelala mimi mwenyewe kibarazani kwake kulinda chungu. Mwache mtoto afanye kazi."

"Afanye. Lakini kwanza asukutue kwa maji haya."

"Yana nini?"

Hulda akakinywea kibuyu mbele yao mafunda matatu, akajifuta mdomo. Dabaso akakinusa, akatazama ndani, akakosa sababu. Akampa Tamar.

Tamar alikuwa na uso wa mtu asiyelala. Alitia maji kinywani, na Hulda akamwona anavyokunja pua, anavyojitahidi kwa heshima, kisha anashindwa. Aliyatema yote miguuni.

"Mama, nisamehe," akasema. "Haya yameoza. Umeyatoa wapi?"

Watu wakacheka. Chande alicheka kuliko wote.

"Kwenu," Hulda akasema. "Pale juu ya kivuko, kwa babako."

Hakusema kwa kumkomoa, lakini aliona neno lilivyompiga. Tamar alikuwa ameyanywa maji yale tangu kunyonya hadi kuolewa. Miaka minane tu ilikuwa imepita tangu atoke kwao. Alikitazama kibuyu. Alitazama doa lililolowa mbele ya vidole vyake. Kicheko cha watu kilikuwa kikiendelea, yeye hakuwa akikisikia.

"Onja ya mto," Dabaso akamwambia. "Maji yanapanda, hatuna siku nzima."

Tamar akapiga magoti mlangoni. Akachota, akayaweka kinywani, akafumba macho. Midomo yake ilikwenda taratibu na Baba Yetu hadi amina. Akatema. Hulda alikuwa karibu naye vya kutosha kuona koo lake limetulia kabisa, halina karaha yoyote.

"Sema," Dabaso akasema.

"Ulimi wangu unasema tamu."

Vigelegele vilianza nyuma. Dabaso akainama kuushika mlango, na mkono wake ukakuta mguu wa Tamar umeshasimama juu ya ubao.

"Ondoa mguu, mwanangu. Umesema tamu."

"Ndiyo sababu sifungui, mzee," Tamar akasema. "Ulimi huu umetema maji ya kwetu."

Maji yaligusa ubao wa mlango, yakapanda, yakasimama upana wa kiganja kutoka juu, mazuri, mengi, yale ambayo kila mmoja pale angeapa kwamba ni matamu. Tamar akainama bila kuondoa mguu, akakichukua kibuyu. Akanywa. Machozi yakamtoka, akajiziba mdomo kwa kiganja hadi akameza. Kisha akanywa tena.